Misalaba ya shaba kwenye pazia na ukutani: nilivyohudumiwa na atelye ya kuchapa mjini Lubumbashi

Kuanzia Agosti hadi mwanzo wa mvua nimechapisha kazi mbili katika atelye moja iliyoko katikati ya Lubumbashi, inayochapa michoro ya kompyuta kwenye vitambaa na kwenye karatasi za kubandika ukutani. Kazi ya kwanza ilikuwa mita 12 za kitambaa cha mapazia pamoja na mita 3 za pamba kwa ajili ya foronya za mito ya makochi. Ya pili ilikuwa ukuta mmoja wa sebule, wenye upana wa sentimita 360. Jina la atelye sitalitaja, kwa sababu nitaeleza pia kosa walilolifanya na kulisahihisha wenyewe, na si haki kosa la siku moja liandamane na jina lao mwaka mzima. Nitarudi kwao, na sababu kubwa ya kurudi ni karatasi moja ambayo mteja huijaza kwa kalamu kabla faili lake halijafunguliwa.

Karatasi hiyo inauliza mambo matatu tu: upana wa mchoro mmoja kwa sentimita, urefu wake kwa sentimita, na namna mchoro unavyojirudia. Nilipofika mara ya kwanza nikiwa na flashi mkononi, kijana wa mapokezi hakuipokea. Aliniuliza kwanza: «Yaya, msalaba huu unataka uwe na sentimita ngapi kwenye pazia?» Nilikuwa nimeutazama mchoro ule kwenye kioo cha kompyuta kwa wiki tatu, nikiukuza na kuupunguza, wala sikuwa na jibu. Alinipa utepe wa kupimia, akanionyesha pazia lililotundikwa pale, akaniacha nipime.

Mchoro wenyewe ni wa misalaba midogo ya shaba, ile iliyotumika kama fedha hapa Katanga kabla ya ukoloni. Niliuchora kwa mkono kwenye karatasi, ndani ya mraba wa sentimita 10, kisha nikaupiga skani kwa nukta 600 kwa inchi. Kwa kuwa inchi moja ni sentimita 2.54, nilipata picha yenye pikseli, yaani vinukta vya rangi vinavyounda picha, 2,362 kila upande. Wengi wetu tunaochora hapa ndipo tunapokwama: pikseli hizo hazina ukubwa wowote mpaka mtu aamue inchi moja ipewe pikseli ngapi. Zikichapwa kwa nukta 600 kwa inchi zitarudia sentimita 10 zilezile; zikichapwa kwa 300 zitafika sentimita 20; kwa 150 zitafika sentimita 40. Picha ni ileile, wala hakuna kilichoongezwa. Kwa hiyo mteja anayesema «faili langu ni kubwa» hajamwambia mchapaji kitu, na atelye hii imefanya vizuri kuanza na sentimita.

Kwa kitambaa walinishauri nibaki kwenye 150, nami baada ya kuona sampuli mbili, moja ya 150 na nyingine ya 300, nakubaliana nao kabisa. Wino unapoingia kwenye nyuzi hutandaa kidogo, na ule undani wa ziada humezwa na kitambaa. Nilishika sampuli zote mbili dirishani, nikamwomba dada yangu anioneshe ile ya 300, akaonesha ya 150.

Undani huo una mpaka wake, hata hivyo, na hapa nina la kusema kwa wenzangu wanaochora. Nyuma ya misalaba nilijaza vistari vifupi vilivyosongamana, namna niliyojifunza kwa kutazama picha za Mwenze Kibwanga, mmoja wa wachoraji wa Hangar, karakana aliyoianzisha Pierre Romain-Desfossés mjini hapa mwaka 1946. Kwa nukta 150, pikseli moja ina upana wa milimita 0.17. Mstari wa milimita 0.3 hauna hata pikseli mbili, na kwenye sampuli ya kwanza vistari vyangu vilikatikakatika kama mshono uliolegea. Nilirudi nyumbani nikavinenepesha vyote hadi milimita 0.8, kazi ya siku nne, kisha vikatoka safi. Anayechora kwa nukta ndogondogo au kwa vistari afanye hesabu hii kabla ya kuanza, si baada ya kumaliza.

Sasa nieleze kosa. Kitambaa chao cha mapazia kina upana wa sentimita 150, na mchoro wangu ulikuwa wa sentimita 40, yaani katika upana mmoja zinaingia nakala tatu na robo tatu. Sampuli niliyoikubali na kuitia sahihi ilikuwa sahihi. Lakini fundi wa zamu ya usiku, alipoona mchoro wa nne umekatwa pembeni, aliukuza hadi sentimita 50 ili zitoshe tatu kamili. Msalaba wa sentimita 8 ukawa wa sentimita 10, na nukta 150 zikashuka hadi 120. Nilipofika asubuhi, mita 3 zilikuwa zimekwisha kuchapwa. Niliweka foronya ya zamani ya sentimita 45 juu ya kitambaa kile, nikaona kwamba sentimita mbili kwenye msalaba na kumi kwenye mchoro mzima si jambo dogo: mpangilio uliokuwa ukionesha misalaba kwa utulivu sasa ulikuwa ukipiga kelele chumbani. Mwenye atelye, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, alipima kwa mkono wake, akasoma karatasi niliyoijaza, akasema mita hizo ni zake na zangu zitachapwa upya. Hakunitoza franga moja zaidi.

Jambo lililonivutia zaidi lilitokea baada ya hapo. Fundi yule hakukosea kuona tatizo, alikosea kulitatua peke yake. Mapazia yangu yalihitaji mapana mawili yaunganishwe, na mchoro uliokatwa kwenye robo tatu usingekutana na mwenzake kwenye mshono bila kupoteza kitambaa. Mama yule alipendekeza tupunguze mchoro badala ya kuukuza: sentimita 37.5, ambazo zinaingia mara nne kamili katika 150. Msalaba ukawa wa sentimita 7.5, nukta zikapanda hadi 160, na mshono ukapotea. Leo wageni wanapouliza mapazia yameunganishwa wapi, huwa nalazimika kuwaonesha kwa kidole.

Washonaji wetu wanalijua jambo hili kuliko sisi wachoraji. Kikwembe cha yadi 6, karibu mita 5 na nusu, chenye maua makubwa, kinahitaji fundi mwangalifu, kwa sababu ua lazima likae mahali pake kifuani na lisikatwe begani, na kila mchoro unavyokuwa mkubwa ndivyo vipande vinavyobaki chini ya meza vinavyoongezeka. Mteja anayechapisha kitambaa cha kushona nguo aende atelye akiwa na fundi wake, au angalau akiwa na vipimo kutoka kwake. Ajue pia kwamba vikwembe vilivyozoeleka vina upana wa karibu sentimita 115 hadi 120, ilhali jora la atelye hii lina 150, na kwa hiyo ukataji wa fundi utabadilika.

Kuhusu vitambaa vyenyewe nina furaha nusu. Kile cha mapazia ni poliesta: mchoro huchapwa kwanza kwenye karatasi, ukiwa umegeuzwa kama kwenye kioo, kisha wino huhamishwa kwa joto la karibu nyuzi 200. Rangi hutoka kali na haichuji kwa kufuliwa, na ukubwa haukubadilika hata milimita. Kwa nguo, hata hivyo, singemshauri mtu yeyote kuvaa poliesta hapa Lubumbashi katika joto la Oktoba. Pamba wanayo, nayo huchapwa kwa wino wa aina nyingine unaokaa juu ya uzi, na rangi yake imepoa kidogo; shaba yangu ilielekea kwenye kahawia. Isitoshe, pamba hunywea. Kipande cha sampuli nilikifua kwa maji ya moto, na mraba wa sentimita 40 ukatoka na urefu wa 39, huku upana ukibaki karibu uleule. Kwa hiyo faili la foronya nililivuta kwa urefu peke yake hadi sentimita 41, na baada ya kufuliwa misalaba imerudia umbo lake. Atelye haikunieleza jambo hili. Nililigundua kwa beseni langu. Ningependa waongeze mstari wa nne kwenye karatasi yao kwa ajili ya pamba.

Kwenye karatasi ya ukutani hesabu ni ileile, lakini uzito wa faili unatisha. Ukuta wa sentimita 360 kwa 270 ukichapwa kama picha moja kwa nukta 300 unadai pikseli zaidi ya bilioni 1.3, na picha ya namna hiyo isiyobanwa huchukua takriban gigabaiti 4. Kwa nukta 150 inashuka hadi gigabaiti 1. Ukutani mtu husimama mbali kuliko anavyoshika kitambaa, na 150 zinatosha kabisa; kwa intaneti yetu ya hapa, hata hiyo gigabaiti moja ni afadhali ibebwe kwa flashi.

Mchoro wa ukuta ulikuwa wa vekta, ambao hukuzwa bila kufifia, nami nilidhani kwa hiyo hauwezi kunisumbua. Nilikuwa nimeuchora miaka mingi iliyopita kwa programu ya Inkscape, kwa upana wa sentimita 60, sawa na upana wa ukanda mmoja wa karatasi yao. Kanda sita zingejaza ukuta. Lakini Inkscape za zamani zilihesabu nukta 90 kwa inchi, na kuanzia toleo la 0.92 la mwaka 2017 zinahesabu 96. Faili langu lilipofunguliwa kwenye kompyuta yao, sentimita 60 zilisomwa kuwa 56.25. Kwa kanda sita ningepungukiwa na sentimita 22.5, ukuta mtupu wenye upana wa mlango mwembamba wa kabati. Kijana wa mapokezi aliona kwamba namba ya kwenye kompyuta hailingani na namba niliyoiandika kwa kalamu, akanipigia simu kabla ya kuchapa chochote. Bila ile karatasi, hakuna ambaye angejua.

Ukuta niupime mwenyewe, walisema, na nipime mahali patatu. Kushoto nilipata urefu wa sentimita 268, katikati 270, kulia 271.5. Ndiyo maana faili lilipelekwa likiwa na urefu wa sentimita 280, ili fundi apate cha kukata juu na chini.

Walichonikosesha ni ubandikaji. Kanda zilifika zikiwa zimekunjwa pamoja bila namba wala alama ya juu, na kwa mchoro unaoshuka nusu ya urefu wake kila ukanda wa pili, fundi wangu alitumia saa nzima sakafuni akizipanga. Wala hawakuniambia nisubiri ukuta ukauke. Tulibandika wiki ya kwanza ya mvua za Novemba, na ndani ya siku kumi ukanda wa pembeni, unaogusana na ukuta wa nje, ulianza kuinuka chini. Niliubandika tena kwa gundi nzito zaidi na umeshika, ila ningeambiwa mapema ningefanya kazi hii Julai, hewa ikiwa kavu.

Bei yao huhesabiwa kwa mita ya urefu wa kitambaa au kwa mita ya mraba ya karatasi, si kwa mchoro, na kubadilisha ukubwa wa mchoro hakuongezi malipo. Sampuli ya kwanza hulipiwa, kisha fedha yake hupunguzwa kwenye kazi kubwa. Nimekwisha kupeleka oda ya tatu, yadi 6 za pamba kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu. Safari hii msalaba una sentimita 6, upana wa kiganja cha fundi wake, aliyeuweka mkono kifuani pa bibi harusi na kuniambia niandike namba hiyo.