Core i5-1235U au Ryzen 5 7530U: ipi ununue, na zipi uzipite

Ukitafuta laptopu ya kazi za kila siku, mpya au iliyotumika, majina haya mawili ya prosesa, yaani ubongo wa mashine, utakutana nayo mara kwa mara: Core i5-1235U ya Intel, iliyotoka mwanzoni mwa 2022, na Ryzen 5 7530U ya AMD, iliyotoka mwanzoni mwa 2023. Zote zina nyuzi 12 (mikondo ya kazi zinazoendeshwa kwa wakati mmoja), zote zimeandikwa wati 15, zote hufungwa kwenye mashine nyembamba za daraja la kati. Kwenye karatasi zinafanana kiasi kwamba wanunuzi wengi huona ni mamoja, wakachagua kwa rangi na umbo la mashine. Ukizifanyia kazi, hazifanani.

Anza na hizo nyuzi 12. Intel inazipata kwenye viini 10, yaani sehemu za prosesa zinazofanya kazi yenyewe, vya aina mbili. Viini viwili ni vikubwa, vya nguvu, na kila kimoja kinabeba nyuzi mbili. Vinane vilivyobaki ni vidogo, vimeundwa kubana umeme, na kila kimoja kina uzi mmoja. Kasi ya vikubwa hupanda hadi gigahezi 4.4, ya vidogo huishia 3.3. AMD wameshika njia nyingine: viini 6 vya usanifu (muundo wa ndani) uitwao Zen 3, vyote vya aina moja, kila kimoja nyuzi mbili, kasi ya juu gigahezi 4.5. Kashe ya ngazi ya tatu, yaani kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa, ni megabaiti 12 kwa Intel na 16 kwa AMD.

Kwa hiyo muuzaji akikuambia "hii ina viini 10, ile ina 6 tu," amekuambia kweli ambayo haikusaidii. Vivyo hivyo kwa 4.5 dhidi ya 4.4. Gigahezi zina maana ukilinganisha prosesa za usanifu mmoja. Kiini kikubwa cha hii Intel ni cha kizazi kipya kuliko Zen 3, na hufanya kazi nyingi zaidi katika kila mzunguko. Ndiyo maana katika mambo ya papo kwa papo, kama kufungua programu, kupakia ukurasa mzito au kukokotoa jedwali kubwa, i5 ndiyo iliyo mbele.

Mambo hubadilika kazi ikiwa ndefu. Zile wati 15 za i5-1235U ni za mwendo wa kawaida. Intel inairuhusu kupanda hadi wati 55 kwa muda mfupi, na mtengenezaji wa laptopu ndiye anayeamua iende juu kiasi gani na kwa muda gani. Ukianza kutoa video uliyohariri, mwanzoni inakimbia kweli, feni inapaza sauti, kisha joto linapanda na kasi inashushwa. Kwenye mashine nyembamba yenye feni moja ndogo, mwendo unaobaki ni wa chini sana kuliko ule ulioonyeshwa dukani kwa dakika moja. Ryzen haina mruko huo wa mwanzo, lakini hushika mwendo wake kazi ikiendelea, na viini vyake sita vinagawana mzigo bila kimoja kuwa mnyonge. Pia hutumia umeme kwa utulivu zaidi chaja ikiwa imechomolewa. Kwa mtu anayefanya kazi mbali na soketi, jambo hilo moja lina uzito kuliko vipimo vyote vya kasi.

Sasa grafiki, yaani sehemu inayochora picha kwenye skrini, na hapa naomba usome taratibu kwa sababu ndipo pesa nyingi hupotea. i5-1235U inakuja na Iris Xe yenye vitengo 80. 7530U ina Radeon ya familia ya Vega yenye vitengo 7. Vitengo hivyo si vya aina moja, hivyo usihesabu idadi. Zikipewa RAM (kumbukumbu ya kazi ya mashine) inavyostahili, Iris Xe huwa mbele kidogo, na zote mbili huendesha gemu nyepesi kwa mipangilio ya chini. Tatizo ni kwamba grafiki za namna hii hazina kumbukumbu zao zenyewe, zinakopa RAM ya mashine. Laptopu ikiwa na kipande kimoja tu cha RAM, njia ya data inakuwa nusu, na grafiki inadumaa. Kwa Intel utaliona hata kwenye jina: mashine ileile yenye kipande kimoja hujitambulisha kama "Intel UHD Graphics", na ukiongeza cha pili Iris Xe inajitokeza. Windows haijakosea. Hivyo ndivyo Intel walivyopanga. Mashine yenye gigabaiti 8 mara mbili ni bora kwa gemu na picha kuliko yenye kipande kimoja cha 16, ingawa stika zote zitasema 16.

Kuna jambo dogo ambalo Intel inashinda bila ubishi: ina sehemu maalumu ya kufungua video za AV1, muundo ambao YouTube wanautumia sana. Vega haina. Ryzen itazicheza kwa kutumia viini vyake, nayo inaweza, ila betri ndiyo italipa.

Nikiambiwa nizipange, nafasi ya kwanza naipa Ryzen 5 7530U, kwa sababu wanunuzi wengi wa daraja hili wanataka mashine isiyopiga kelele, isiyochoma mapaja na inayodumu na chaji. Ya pili ni i5-1235U yenye vipande viwili vya RAM. Kama laptopu yako inakaa mezani ikiwa imechomekwa, na kazi yako ni ya kufungua na kufunga vitu haraka haraka, zibadilishe nafasi bila kusita. Ya tatu ni Ryzen 5 5625U, ambayo ni ndugu wa damu wa 7530U: Zen 3 ileile, viini 6, kashe ileile, kasi ya juu 4.3. Ukiipata kwa bei ya chini zaidi, chukua. Chini yake naweka Ryzen 5 5500U ya 2021, ambayo nayo ina viini 6 ila ni Zen 2 na kashe ya megabaiti 8, halafu i3-1215U yenye viini viwili vikubwa na vinne vidogo, inayotosha kabisa kwa kuandika na intaneti.

i7-1255U usiilipie zaidi kwa ajili ya hiyo saba. Ina viini 10 vilevile, kashe ileile ya megabaiti 12, imeongezewa kasi hadi 4.7 na vitengo vya grafiki hadi 96. Ndani ya mashine nyembamba joto hulimeza sehemu kubwa ya ongezeko hilo.

Na ipo moja ya kuikimbia ikiuzwa kwa bei ya wenzake: Ryzen 5 7520U. Tarakimu moja tu inaitenganisha na 7530U. Kwenye mfululizo wa 7000 wa laptopu, tarakimu ya tatu ndiyo inayotaja usanifu, kwa hiyo 2 ni Zen 2 na 3 ni Zen 3. 7520U ina viini 4, kashe ya megabaiti 4, grafiki ya vitengo 2, na RAM yake huchomelewa kwenye ubao mama, hivyo utakayonunua nayo ndiyo utakayozeeka nayo. Kwa kazi nyepesi si mbaya, lakini kuiuza kama Ryzen 5 sawa na nyingine si haki kwa mnunuzi.

Kabla ya kulipa, omba mashine iwashwe. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua sehemu ya Performance, usome jina lote la CPU mpaka herufi ya mwisho. Kisha gusa Memory uangalie "Slots used": ikisema 1 of 2, kuna nafasi ya kuongeza kipande cha pili, basi ingiza gharama hiyo kwenye mapatano. Rudi kwenye CPU, chomoa chaja, fungua video na kurasa kadhaa kwa wakati mmoja, uiache hivyo kwa dakika kumi huku ukitazama namba ya Speed na kusikiliza feni.