X jukwaani: bendi nawapa tano, wa mlangoni siwapi hata nusu

Usiende. Hilo ndilo jibu langu kwa leo, kwa wote mnaoniuliza kama tiketi ya kuwaona X, bendi ya panki (roki ya kasi na ya hasira) ya Los Angeles, ina thamani ya pesa yake. Najua nikifika mwisho wa kuandika huenda nikawa nimelimeza jibu hilo, lakini wacha likae hapo juu kwanza, maana hasira bado ninayo na sioni sababu ya kuificha. Bendi haijanikosea kitu. Walionikosea ni wa mlangoni, na ukumbi wao siutaji. Ni ukumbi wa Kusini mwa California, si mkubwa si mdogo, na wakisoma hapa watajijua.

Niseme kwanza nimefikaje kwenye muziki huu, kwa sababu kila mtu huniuliza, pamoja na yule ambaye hakuwa na haki ya kuniuliza. Mimi ni mtu wa Bonde la Ufa, Kenya. Kwetu kantri si muziki wa wageni. Jumapili mkitoka kanisani, redio ni Jim Reeves, akitoka yeye anaingia Kenny Rogers, kisha Dolly Parton, na mama yuko uani anachambua maharagwe huku akiimba Kiingereza ambacho nusu yake amekitunga mwenyewe. Mzee alikuwa na kanda ya Charley Pride iliyokatika ikaungwa kwa selotepu, na ikifika kwenye kile kiungo wimbo unaruka mstari mzima. Mpaka leo nikiusikia wimbo ule ukiwa kamili, naona kama wameongeza maneno.

Huku Marekani nafanya kazi ghalani. Mwenzangu mmoja, Mmeksiko mzaliwa wa East L.A., ndiye aliyenipa upande mmoja wa hedifoni zake akaniambia, "Sikiliza, hii ni kantri iliyopigwa makofi." Nikacheka. Wimbo ulipoisha nikamwomba aurudie.

Ilikuwa albamu ya kwanza ya X, Los Angeles, ya 1980. Aliyesimamia kurekodi ni Ray Manzarek, yule mpiga kinanda wa The Doors, na kinanda unachokisikia humo ni chake. Lebo, yaani kampuni ya rekodi, ilikuwa Slash, iliyozaliwa na gazeti la mapanki wa mji huohuo. Baadaye wakahamia kampuni kubwa, Elektra, na uzeeni wamerudi kwa wadogo: sasa wako Fat Possum ya Oxford, Mississippi, lebo iliyojijengea jina kwa kurekodi wazee weusi wa bluzi kama R.L. Burnside na Junior Kimbrough. Hilo la Mississippi lishike, nitalihitaji mbele.

Kinachonimaliza mimi ni zile sauti mbili. Exene Cervenka na John Doe, waimbaji wao, walikutana kwenye warsha ya mashairi kule Venice, Los Angeles, wakaoana, wakaachana katikati ya miaka ya 1980, na kuimba pamoja hawajaacha. Hawaimbi kwa kupangana kikwaya. Sauti zao zinakaribiana mpaka zinakwaruzana, mwanamke anapanda pale ambapo sikio lako lilishajiandaa ashuke, na kwa muda unadhani mmoja amekosea. Hakuna aliyekosea. Wasikilize George Jones na Tammy Wynette, ambao nao walikuwa mke na mume, wakatalikiana, na bado wakaendelea kurekodi pamoja, utajua ugomvi wa namna hii una kwao. Ndiyo maana nilipogundua kwamba mwaka 1985 hawahawa walitoa albamu ya kantri waziwazi kwa jina la The Knitters, pamoja na Dave Alvin wa The Blasters, sikushangaa hata kidogo. Nilishangaa tu kwamba watu wa panki walihitaji kuambiwa.

Haya, mlangoni.

Nilikwenda na shemeji, mdogo wa mke wangu, ambaye muziki huu haumhusu lakini gari ni lake. Foleni ilikuwa ndefu na ya watu wazima, wengi wa umri wa kustaafu: fulana nyeusi zilizopauka, nywele zimepakwa mafuta zikachanwa nyuma, mama mmoja ana tatuu ya nanga shingoni. Watu wazuri. Mzee aliyekuwa nyuma yangu alinipa jozi ya vizibo vya masikio kabla hata hatujaulizana majina, akasema ana nyingine mfukoni. Shemeji yeye alivutwa kwenye mlango wa pili, kwa dada mmoja mpole, akapita.

Mimi nikaangukia kwa baunsa. Akasoma tiketi ya yule mama wa nanga, akamtakia usiku mwema. Akaniangalia. Mikononi sina kitu ila simu, na tiketi imewaka kwenye kioo. Hakuitazama. Akasema, "Wanaoleta chakula wanapitia nyuma."

Nilidhani sikusikia. Nikamwambia nimekuja kwenye shoo. Akauliza, "Shoo gani?" Jamani, jina la bendi ni herufi moja, na ilikuwa inawaka taa juu ya kichwa chake.

Nikamwambia, "X."

Akaniuliza, "Unawajua?"

Mzee wa vizibo akapaza sauti kutoka nyuma kwamba niachwe nipite. Badala ya kusaidia, baunsa ndiyo akapanda. Akaniamuru nisimame pembeni, tiketi yangu ikaguliwe na msimamizi. Nikasimama pale ukutani, foleni yote inanipita, kila mmoja ananitupia ile huruma ambayo inauma kuliko tusi. Shemeji akarudi mpaka kwenye kamba, akaniambia kwa Kiswahili, sauti ya chini, "Shemeji, tulia. Usimpe sababu." Hilo nalo likaniudhi, kwa sababu alikuwa anasema kweli.

Ninawajua? Mimi? Wimbo ambao Elvis alianza nao kule Sun Records, Memphis, mwaka 1954, ulikuwa wa Arthur Crudup, mtu mweusi wa Mississippi. Rokabili yote imesimama juu ya hapo, bluzi ya weusi imekutana na kantri ya weupe kwenye chumba kimoja. Charley Pride, yule wa kanda ya mzee, mweusi naye, kwao ni Sledge, Mississippi, na mwaka 1971 chama chao cha kantri kilimpa tuzo ya mburudishaji bora wa mwaka. Lebo inayowatoa hao waliokuwa wanapasha gitaa ndani nayo iko Mississippi, na imekula chumvi ya wazee weusi kabla ya kuwachukua X. Sasa nani amwulize nani kama anawajua? Hayo yote nilikuwa nayo mdomoni, nikayameza. Ndiyo nayatapika hapa, mtaniwia radhi.

Na huku nyuma ya ukuta nasikia wameanza. Ngoma za D.J. Bonebrake zinapenya hata kwenye matofali. Anapiga kwa kasi ya panki, lakini ndani yake kuna bembea fulani ambayo mapanki wengi hawana, na hata kutoka nje unaitambua. Wimbo ukaisha, watu wakashangilia. Ukaanza mwingine, nao ukaisha. Mimi niko ukutani.

Msimamizi akaja, dada mwenye kibao cha jina kifuani, akaangalia simu yangu kwa muda mfupi kuliko mtu anayeangalia saa. Tiketi halali. Akasema samahani, kulikuwa na mkanganyiko. Baunsa hakusema neno, alikuwa ameshageukia wengine. Kisha yule dada akanipa kuponi. Kuponi ya kinywaji kimoja! Mimi pombe siigusi, na maji wanagawa bure pale kaunta. Nimedhalilishwa mbele ya foleni nzima, na fidia yangu ni bia nisiyokunywa.

Nikaingia nikiwa nimeapa kutofurahia chochote.

Tatizo ni Billy Zoom, mpiga gitaa wao. Huyu mtu ana umri wa kuitwa babu popote pale, amepambana na saratani, na siku hizi anapiga akiwa ameketi. Gitaa lake ni Gretsch lenye vimetameta vya fedha. Nilijipenyeza mpaka upande wake wa jukwaa ili niangalie vidole. Mkono wa kushoto unakimbia nyuzi za rokabili ya miaka ya hamsini, safi, hakuna noti iliyomezwa, na bendi nzima inakwenda mbio ambazo kijana wa miaka ishirini angeomba maji. Halafu uso! Anatabasamu tu, ametulia, kama anayemsubiri mpiga picha wa studio amalize kurekebisha taa. Anachagua mtu mmoja kwenye umati na kumkazia macho, anahamia kwa mwingine. Akanifikia mimi. Akanikazia macho, tabasamu halijatikisika, na wakati huohuo mkono ukapitisha kipande kigumu kweli bila yeye kuutazama. Kile kitambo kidogo kilinilipa pesa ya tiketi. Pesa ya maegesho haimo.

Exene alikuwa upande wa pili, ameshika maiki kwa mikono miwili, anaimba akiwa amefumba macho, na Doe anamjia ubavuni na besi yake. Shemeji, ambaye muziki huu haumhusu, nikamwona anatingisha kichwa. Nikamgusa bega. Akaacha kutingisha, akajifanya anaangalia simu.

Hapo ningewapa sita kwa tano. Halafu ukaja wimbo wenye jina la albamu.

Unamsimulia mwanamke aliyekaa Los Angeles mpaka akaanza kuwachukia wote, weusi, Wayahudi, Wameksiko, matajiri, akaona hana budi kuhama. Kwenye rekodi ya 1980 lile neno la kututukana sisi limo, limetamkwa wazi. Hoja ya watetezi naijua, na nyumbani hukubaliana nayo: ni hadithi ya mtu aliyeoza moyo, waimbaji wanamwanika, hawamsifu. Mwenzangu wa ghalani, ambaye watu wake nao wametajwa humo, huuimba kwa sauti akiendesha forklifti. Lakini usiku ule, nimetoka kwenye ukuta ule muda si mrefu, nimezungukwa na watu wanaoruka na kuuimba kwa furaha, sikuweza kukaa na hadithi ya mtu yeyote. Wimbo mashuhuri kuliko zote walizonazo, nikawapa mgongo, nikaenda kwenye meza ya fulana. Nikausikia kutoka korido, mara ya pili usiku ule niko upande usiofaa wa ukuta, safari hii kwa miguu yangu mwenyewe. Fulana zilizobaki zilikuwa za saizi ya mtoto na za saizi ya jitu. Nikanunua ya jitu.

Kwa hiyo ile tano ya kwenye kichwa cha habari naipunguza iwe nne. Au siipunguzi? Ngoja. Kosa lilikuwa la baunsa, na ndiye aliyenifanya niusikie wimbo vile. Ningepita mlangoni kama yule mama wa nanga, ningekuwa ninaruka na wenzangu, au angalau ningekuwa nimesimama nabishana nao kimoyomoyo kama ninavyobishana nao siku zote. Alichoniibia si nyimbo zile za mwanzo peke yake. Basi nne ni ya usiku ule, tano ni ya bendi. Kama hesabu hiyo haieleweki, haieleweki.

Niliporudi ndani walikuwa kwenye wimbo wa taratibu, sauti mbili tu mbele, na pale ndipo ile kantri niliyolelewa nayo inatoka bila nguo za panki. Walikuwa mke na mume vijana, wameachana, wamezeeka, na bado mmoja anavuta pumzi mwenzake akijua ni ya urefu gani. Mzee wa vizibo alikuwa amesimama karibu na nguzo. Hakuniuliza yaliyonipata. Alinisogezea nafasi tu.

Ukumbi niliwaandikia barua pepe. Nilieleza kwa adabu kuliko hapa. Jibu lilichukua muda kuja, na lilipokuja likanishukuru kwa kuwashirikisha uzoefu wangu, likasema wanathamini kila mgeni, na chini yake kuna kiungo cha kubonyeza ili nipime ubora wa jibu lenyewe, moja hadi tano. Kuhusu baunsa, hakuna hata herufi. Nikawapa moja. Ikaja nyingine inaniuliza wangeboresha nini.

Sasa uende au usiende? Walipotoa Smoke & Fiction mwaka 2024 walisema wenyewe kwamba ndiyo albamu yao ya mwisho, na ni watu walioanza 1977, kwa hiyo hakuna kusubiri mwakani kama unavyosubiri bendi za vijana. Wakija mjini kwako, nenda. Nafuta lile neno la juu. Ila angalia kwanza ni ukumbi gani, uliza watu wanaofanana na wewe walipokelewaje, na ukifika fuata mlango wa yule dada mpole kama yupo. Vizibo vya masikio usisahau. Kwa fulana, wahi kabla bendi haijapanda.

Kuponi bado ninayo kwenye pochi. Ningemgawia mtu, lakini nimeisoma vizuri nyuma yake: inatumika usiku uleule tu, na kwa bia ya bei ya chini.