Dawa ya Gesi Tumboni: Ipi Ununue Kwanza Ukiwa Mtwara au Lindi

Mbaazi, kunde na njugu mawe, ambazo ni mboga ya kila siku kwa familia nyingi za kusini, zina sukari za aina ya rafinosi na stakiosi ambazo utumbo mdogo wa binadamu hauwezi kuzisaga. Sukari hizo hufika utumbo mpana zikiwa nzima, na huko bakteria huzichachusha na kutoa gesi inayolijaza tumbo na kuliungurumisha. Tatizo la mnunuzi huanzia kaunta ya duka la dawa muhimu: ukisema una gesi, mara nyingi utapewa dawa ya kupunguza asidi, ambayo hutuliza kiungulia lakini haiigusi gesi ya mbaazi hata kidogo. Kwa sababu hiyo, mpangilio ufuatao unafuata kazi halisi ya kila dawa, wala si umaarufu wa jina lake.

Nafasi ya kwanza naipa simethikoni. Dawa hii huviunganisha viputo vidogo vya gesi ili viwe vikubwa na kutoka kwa urahisi, kwa kubeua au kwa njia ya haja kubwa. Mwili hauifyonzi, na hiyo ndiyo sababu madhara yake ni machache sana. Ila nakiri kwamba haizuii gesi kutengenezwa, na wapo ambao haiwasaidii. Vidonge vya kutafuna huwa na miligramu 40, 80 au 125, navyo huliwa baada ya chakula na wakati wa kulala, bila mtu mzima kuzidisha miligramu 500 kwa siku. Geuza boksi usome maandishi madogo yaliyo chini ya jina la biashara, kwa maana hapo ndipo utakapoona kama kweli ni simethikoni au ni dawa ya kupunguza asidi tu.

Ya pili ni tangawizi mbichi, na kwa asiye na fedha nyingi ningeiweka ya kwanza. Husaidia tumbo kusukuma chakula mbele, hivyo humfaa zaidi anayevimbiwa mara tu baada ya kula. Sokoni chagua kipande kigumu chenye ngozi iliyonyooka, ambacho ukikivunja kinakatika kwa sauti na harufu yake inapanda papo hapo. Kilichosinyaa na chepesi mkononi kimekwisha nguvu. Kikwangue, ukichemshe, unywe maji yake yakiwa na joto. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amuulize daktari kwanza. Binzari nyembamba na iliki hutumiwa vivyo hivyo tangu zamani, ingawa ushahidi wake wa kitabibu ni mdogo zaidi.

Dawa za asidi zenye magnesiamu na alumini zinashika nafasi ya tatu, na zinamfaa yule tu ambaye gesi yake huandamana na kiungulia. Zipo zilizochanganywa na simethikoni, na hizo ndizo bora kwa mtu wa namna hiyo. Magnesiamu huweza kuharisha, alumini hufunga choo, na mwenye ugonjwa wa figo asizinunue bila ushauri. Aidha, hunasa dawa nyingine tumboni, zikiwamo antibiotiki kama doksisaiklini na siprofloksasini, na vidonge vya madini ya chuma, kwa hiyo ziachanishwe kwa saa mbili au zaidi.

Unga unaotoa povu kwenye maji uko nyuma ya hizo. Nafuu unayoisikia ni ya kubeua, na gesi unayoibeua kwa sehemu kubwa imetokana na unga wenyewe. Una sodiamu nyingi, hivyo mwenye shinikizo la damu auache kabisa. Vidonge vya mkaa ni vya mwisho, kwa kuwa matokeo yake hayaeleweki na hufyonza dawa nyingine unazotumia.

Chupa za dawa zisizo na lebo wala orodha ya viambato sizipangi popote. Mtoto aliye chini ya miezi 6 naye asinunuliwe maji ya kutuliza tumbo, kwani anahitaji maziwa ya mama peke yake.

Kabla ya kutoa fedha, jaribu kuziloweka mbaazi usiku kucha, uyamwage maji hayo na kuzipika kwa maji mapya, maana sehemu ya zile sukari hutoka na maji. Magadi huziivisha upesi, lakini huharibu vitamini B1.

Gesi inayoandamana na kupungua uzito, damu kwenye choo, homa au kutapika mfululizo haina dawa dukani. Vivyo hivyo kwa mwanamke aliyepita miaka 50 ambaye tumbo limeanza kumjaa kila siku. Na anayeumwa tumbo vikali huku hapati choo wala hatoi hewa awahishwe hospitali ya Ligula mjini Mtwara au ya Sokoine mjini Lindi siku hiyohiyo.