Ofisi tupu katikati ya jiji: kurudisha wafanyakazi au kuleta wakazi?

San Francisco, Marekani, ambako zaidi ya asilimia 30 ya ofisi zilikuwa tupu mwaka 2024, Meya Daniel Lurie aliwataka watumishi wa jiji warudi ofisini angalau siku nne kwa wiki. Amri haina gharama kubwa, na migahawa hupata wateja wa mchana. Lakini kampuni binafsi haziamriwi, na jioni mitaa hubaki mitupu.

Calgary, Kanada, mwaka 2021 ilianza kumpa mwenye jengo anayegeuza ofisi kuwa nyumba hadi dola 75 za huko kwa kila futi ya mraba. Ghali, tena polepole: jengo pana halipati mwanga katikati, na mabomba ya vyoo yamebanana sehemu moja. Ila mkazi hununua mkate hata Jumapili. Mimi ningechagua hii.