Seti ya zulia la vipande kwa MGB ya paa la turubai: kitambaa kizuri, felti yake iache

Anayefufua MGB, gari dogo la michezo la Uingereza, ya paa la kukunja ana njia mbili: zulia lililofinyangwa kwa joto kufuata umbo la sakafu, au seti ya nailoni iliyokatwa vipande na kushonwa pindo. Tunapendekeza ya pili, na sababu kubwa ni maji. Gari la paa la turubai lazima livuje mahali, iwe kwenye mpira wa kioo cha mbele au kwenye pembe za milango, na sakafu inayodumu ni ile unayoweza kuivua zulia siku hiyohiyo ikaanikwa. Lililofinyangwa hukaa vizuri zaidi juu ya tuta la giaboksi (sehemu ya sakafu iliyoinuka katikati kuifunika), hilo tunakubali, lakini kulitoa ni mpaka ung'oe siti na konsoli.

Usiagize kabla hujajua mwaka wa gari na upande wa usukani. MGB iliundwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, na sakafu yake ilibadilika. Mk II, yaani toleo la pili, iliyoingia mwishoni mwa 1967, ilipata giaboksi yenye sinkronaiza (kifaa cha kulainisha ubadilishaji wa giya) kwenye giya zote nne pamoja na tuta pana zaidi. Kipande cha tuta cha gari la 1965 hakitatosha hapo, ukivute utakavyo.

Kitambaa chenyewe ni kizuri: nyuzi zimebana, pindo limeshonwa sawasawa, na upande wa dereva kuna kipande cha mpira cha kuwekea kisigino. Tatizo ni felti, tandiko nene la kuweka chini ya zulia, inayokuja na seti. Felti hunywa maji na kuyashikilia juu ya bati kwa wiki nzima huku zulia la juu likionekana kavu, na kutu huanzia hapo. Iweke kando. Nunua sponji isiyonywa maji, ya unene wa milimita 6 hivi. Ikizidi hapo, pindo za zulia hazikutani tena, na boliti za siti hazifiki.

Kabla ya kubandika chochote, kwangua sakafu hadi bati safi, tibu kutu, piga rangi, na urudishe vizibo vyote vya mpira. Kisha lijaribu zulia lote bila gundi. Vipande vilivyokunjwa ndani ya boksi vianikwe juani mpaka vilainike, maana kipande chenye makunyanzi hudanganya vipimo. Hapa ndipo utakapogundua kipande kimoja au viwili vimezidi sentimita moja. Hilo ni la kawaida, na ni afadhali kuliko kupungua.

Anza na tuta, kisha ukuta wa upande wa injini, matao ya magurudumu ya nyuma na vizingiti vya milango. Sakafu iwe ya mwisho. Gundi iwe ya mpira, ya kupaka pande zote mbili, na iwe aina inayostahimili joto. Gundi ya kawaida ya kupuliza hulainika tuta likipata joto la giaboksi, na baada ya safari ndefu zulia hujishusha kutoka juu. Paka, subiri dakika 10 hadi 15 mpaka ukigusa kwa kidole isishike, ndipo ubandike kuanzia katikati ukielekea pembeni. Ikishagusana haisogei tena. Kwa hiyo kipande kirefu kipakwe nusu kwa nusu, si chote kwa mara moja. Matao ya magurudumu ndiyo yanayomtoa fundi jasho: pasha zulia kwa hewa moto kidogo kidogo, ulivute kwenye mviringo, na ukate mkunjo wa ziada pale tu siti itakapoficha.

Matundu ya boliti usiyatoboe kwa drili. Ncha ya drili hunasa uzi mmoja na kuuvuta, ukabaki na mstari wa upara katikati ya zulia jipya. Tumia chuma cha kulehemu risasi kikiwa cha moto. Hutoboa nailoni na kuziba nyuzi papo hapo. Chini ya reli za siti kata sponji yote uitoe, la sivyo boliti hukazwa juu ya kitu kinachobonyea na baada ya muda siti huanza kucheza.

Kuna sehemu zisizotakiwa kuona gundi kabisa. Nyuma ya siti, chini ya zulia, ndiko betri ziliko: mbili za volti 6 kwa magari ya kabla ya mwisho wa 1974, na moja ya volti 12 kwa yaliyofuata. Zulia la hapo lazima linyanyuke. Kwenye magari ya mwanzo, tuta lina kizibo cha mpira kinachofunika tundu la kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, nacho wengi hukizika. Kata mkato wa kufungua juu yake. Vipande vya sakafu navyo vishikwe kwa vifungo vya kubana, vinne kila upande. Chungulia chini ya gari kabla ya kukaza skrubu zake, kwa kuwa bomba za mafuta na breki hupita huko, kisha uzibe kila tundu kwa silikoni.

Ukimaliza, kanyaga pedali ya mafuta hadi mwisho injini ikiwa imezimwa, na mwenzako atazame kama kabureta zinafunguka zote. Zulia na sponji vikirundikana nyuma ya pedali, gari hupungua nguvu na utamsumbua fundi wa injini bure. Baya zaidi ni pindo linaloweza kuinasa pedali ikiwa chini, likaizuia kurudi. Punguza sponji ya sehemu hiyo, na kama bado inagusa, punguza zulia lenyewe na ulishone pindo upya.