ThinkPad T480 msimu mzima wa korosho: i7 niliiacha dukani

Naanza na hukumu: kwa anayenunua laptop ya kazi za nje ya mji, betri kwanza, prosesa baadaye.

Mimi ni karani wa chama cha msingi upande wa Tandahimba. Ikifika Oktoba kazi inahamia ghalani. Magunia yanapanda mzani, mimi naingiza majina na kilo kwenye Excel, na wakulima wananichungulia begani kuhakikisha hawajapunjwa. Soketi iko mbali na mzani, na umeme ukikatika hakuna anayetaka kusikia habari za chaji.

Dukani Mtwara mjini, kwenye laptop za mtumba, muuzaji alining'ang'aniza yenye prosesa ya Intel i7-7700HQ. "Kaka, hii i7, hiyo nyingine i5 tu!" Stika ndiyo inayouza. Mimi huangalia herufi za mwisho. Hiyo HQ imepangiwa wati 45, na wati zikiwa nyingi betri huisha haraka. I5-8250U iliyomo kwenye T480 yangu, wati 15. Kori, yaani vitengo vya kuchakata ndani ya prosesa, ni nne kwa nne. Kwenye Excel sijaona tofauti yoyote.

Raha ya T480 ni betri mbili. Ya ndani ni ndogo, Wh 24 (wati-saa, kipimo cha chaji inayobebwa). Ya nje inachomoka, na kubwa kabisa ina Wh 72. Unaichomoa mashine ikiwa inawaka, ya ndani inashika zamu, unapachika nyingine, kazi inaendelea.

Ila mtumba ni mtumba. Kabla ya kulipa nilifungua Command Prompt, dirisha la amri la Windows, nikaandika powercfg /batteryreport. Linganisha Design Capacity, ujazo wa kiwandani, na Full Charge Capacity, ujazo uliobaki. Ya nje ilikuwa imeshuka karibu nusu. Muuzaji akaguna, akatoa nyingine kabatini.

Kasoro zipo. Kioo changu ni hafifu, hata kwenye kivuli cha mkorosho nakodoa macho. Kwa video usijidanganye: mdogo wangu anahariri za harusi huko Shangani, alijaribu kutoa moja kwenye hii akanirudishia haijafika mwisho. Yeye ana HQ, waya hautoki ukutani na feni yake unaisikia ukiwa barazani, lakini mkate wake uko hapo.

Ukienda kununua T480, igeuze. Betri ya nje iliyolala sawasawa na tumbo la mashine ni ile ya Wh 24. Ya Wh 72 huchomoza chini, usiuziwe ndogo kwa bei yake.