Rangi yenyewe nzuri, lakini kauli ya kaunta sitaisahau

Nilijipa muda kabla ya kuandika haya nikitumaini hasira itapoa. Haijapoa.

Kopo moja linafunika ukuta kiasi gani na linakauka baada ya saa ngapi, hayo yamebandikwa kwenye kopo, kila mtu atajisomea. Mimi nazungumzia huduma ya duka hili la rangi ya kumsaidia mteja kuchagua rangi, ile wanayoitangaza kwa mabango makubwa mlangoni.

Sebule yetu ilikuwa imeshapigwa skimu, ule upako laini wa kusawazisha ukuta, inasubiri rangi. Mimi na mume wangu tulichuja, tukachuja, zikabaki mbili: krimu moja, na nyeupe moja yenye ukijivu kwa mbali. Kwenye kadi ya rangi zimepangwa jirani, na anayepitisha jicho haraka atadhani ni moja. Mimi sikupitisha jicho haraka, maana ukuta wa sebule mtu anaishi nao miaka. Niliona wazi kwamba ile ya kijivu ina ukijani umejificha ndani, na nikataka kujua ukijani huo ukifika nyumbani utatulia au utajitokeza. Basi nikaomba kidogo tu cha kila moja, nikapake, niangalie, niamue.

Kijana wa kaunta hakuinua hata uso. Akasema hawachanganyi kidogo kidogo, nichukue ndoo. Nikamjibu kwamba sijajua nichukue ndoo ya rangi ipi, na ndiyo sababu nimekuja kwake. Hapo akachomoa kadi zote mbili, akazishika juu chini ya taa, na kwa sauti iliyosikika duka zima akasema: "Mama, hizi ni rangi moja. Ni macho yako tu yamechoka."

Waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni wakacheka. Naye akacheka nao.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba chini ya taa ile kadi zilionekana karibu sawa kweli. Duka lao limejaa taa za mrija, nyeupe za kuelekea bluu. Rangi ya ukuta haina mwanga wake; tunachokiona ni mwanga wa chumba unaorudi kutoka ukutani. Ndiyo maana rangi mbili zinaweza kulingana chini ya taa moja na kuachana kabisa chini ya nyingine. Jambo hili lina jina, metamerizimu, na watu wa rangi wanalifahamu siku nyingi. Mimi si mtu wa rangi, na nililijua. Yeye kutwa anashinda na mashine ya kuchanganyia! Kwangu tunatumia balbu za mwanga wa njano, zile zilizoandikwa Kelvini 2700. Angeniuliza swali moja tu, "Mama, nyumbani mnatumia taa gani?", leo ningekuwa naandika sifa.

Badala yake akanigeuzia kompyuta, akanionyesha picha ya sebule ya watu, akabofya rangi hii, akabofya ile, eti nione hakuna tofauti. Skrini inawaka. Ukuta hauwaki. Sikuona haja ya kubishana tena. Nikanunua kopo dogo kuliko yote la kila rangi, kwa bei kamili, nikaondoka.

Fundi wetu wa rangi, mzee asiye na maneno mengi, alinifanyia alichotakiwa kunifanyia yule kijana. Alikataa nipake mabaka ukutani, kwa sababu rangi ya skimu inayozunguka baka inadanganya jicho. Tukachukua vipande viwili vikubwa vya plaiwudi, tukavipiga mikono miwili, tukaviacha vikauke sawasawa. Hapo naomba mnisikilize: msiamue rangi ya maji ikiwa mbichi. Gundi yake ikiwa mbichi ina weupe unaopunguza rangi, na ikikauka weupe huo unaondoka, rangi inakolea. Kisha tukawa tunavihamisha vipande kutoka ukuta hadi ukuta, karibu na dirisha, kwenye kona yenye giza, nyuma ya kochi, asubuhi, mchana na usiku taa zikiwashwa.

Krimu asubuhi ilikaribia kuwa nyeupe kabisa, usiku ikapata joto la kupendeza. Ya kijivu mchana ilikuwa nzuri mno, tulivu, na kusema kweli nilitaka kuichukua. Lakini usiku, chini ya balbu zetu na kando ya kochi letu jekundu lililokolea, ikageuka kijani. Kijani cha kuonekana na kila aliyeingia. Mume wangu aliiona kabla sijamwambia neno.

Na wala si ajabu, kwa sababu wekundu ukikaa jirani na rangi iliyopauka huisukuma kuelekea kijani. Michel Eugène Chevreul, mkemia wa Kifaransa aliyesimamia idara ya kutia rangi nyuzi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins mjini Paris, aliletewa malalamiko kwamba nyuzi zake nyeusi zimefifia. Hakumwambia mtu kwamba macho yake yamechoka. Alikwenda kuchunguza, akagundua kwamba nyeusi haina kasoro, bali rangi zilizopangwa kando yake ndizo zinazoibadilisha, na mwaka 1839 akaichapisha kanuni hiyo. Hivyo ndivyo anavyofanya mtu anayeiheshimu kazi ya rangi, na anayemheshimu anayelalamika.

Halafu fundi akageuza mifuniko ya makopo. Kuna kibandiko pale kinachotoka kwenye mashine yao wenyewe, kinaonyesha ni tinti zipi, yaani rangi za kuchanganyia, zimetiwa. Krimu: njano na wekundu kidogo. Ya kijivu: nyeusi na njano. "Nyeusi na njano zikikutana," fundi akasema, "kijani lazima kitoke." Mashine yao ilikuwa imeandika kile nilichokiona kwa macho yangu yaliyochoka!

Niliporudi kununua ndoo za krimu nikaibeba mifuniko yote miwili, nikamwekea yule kijana mezani. Sikutaka punguzo. Nilitaka aseme samahani. Akaitazama, akasema, "Sasa mama, si umeshachagua? Tatizo liko wapi?" Meneja alikuwa hatua chache tu kutoka pale na alisikia kila neno. Akaendelea na simu yake.

Sasa niseme haki ya rangi. Ni nzuri sana. Fundi alichanganya ndoo zote pamoja kwanza ili ukuta usije ukatofautiana, akapiga mikono miwili, na hakuna alama ya rola hata moja. Watoto wameshaushika kwa mikono michafu, nikafuta, ukarudi ulivyokuwa. Usiku nikiwasha taa nafurahi mwenyewe. Kwa rangi peke yake ningetoa nyota tano bila kusita, na nilipoanza kuandika nilikuwa nimepanga tatu kwa jumla.

Lakini nimefika hapa na kile kicheko bado nakisikia. Mtu amekuja na swali la maana kuhusu nyumba yake, unamwaibisha mbele za watu, kisha ushahidi unatoka kwenye mashine yako na bado huoni la kuomba radhi? Nyota mbili. Nikimkumbuka meneja na simu yake, moja.

Vyumba vya kulala bado havijapigwa, na sina nia ya kutumia rangi nyingine zaidi ya hii. Fundi ndiye atakwenda kuinunua. Mimi pale kaunta hawanioni tena mpaka mtu mmoja wao aniombe radhi.